Zulia Lililokataa Kulala

Mume wangu alianguka asubuhi, juu ya zulia la sebuleni, bakuli la uji likiwa mkononi. Mimi nilikuwa jikoni nageuza chapati. Nilisikia bakuli kwanza, halafu nikamsikia yeye. Nilipofika alikuwa amelalia ubavu, mdomo umeenda upande mmoja, na jicho la upande huo linanitazama kama lina jambo la haraka la kunieleza. Uji wa wimbi ulikuwa umemwagika mpaka chini ya meza. Na alikuwa amejikojolea. Hilo siliandiki kwa kumwaibisha. Naliandika kwa sababu ndilo lililonitia katika mambo yote yaliyofuata.

Kilikuwa kiharusi. Hospitalini walimweka wiki mbili, kisha wakampeleka Silver Spring, kwenye kituo ambako wagonjwa wanafundishwa kusimama na kutembea upya. Sisi tunakaa Langley Park, huku Marekani, ghorofa ya pili, kwa binti yetu na watoto wake wawili. Binti yangu kazi yake ni kutunza wazee wa watu. Anatoka kwa mmoja anaingia kwa mwingine, siku nyingine namwona akipita tu, viatu mkononi. Kwa hiyo kwenda Silver Spring ilikuwa kazi yangu, kwa basi, na lile basi lilikuwa linazungushwa kila wiki kwa njia nyingine kwa sababu ya ujenzi wa reli.

Kituoni walituita mkutanoni. Walisema mzee anaendelea vizuri, anasimama na kile chuma cha kutembelea, anafika chooni akishikiliwa. Akiendelea hivyo atarudi nyumbani. Lakini kwanza mtu wao aje kukagua nyumba, aone kama ni salama. Na bima ina siku yake ya mwisho. Siku hiyo ikifika, ama anakwenda nyumbani, ama anahamishiwa upande wa pili wa jengo, nyuma ya ile milango miwili mikubwa, ambako watu hawafundishwi kutembea tena. Binti yangu alinitafsiria yote hayo polepole. Nilielewa. Niliacha shule darasa la nne lakini hilo nililielewa mara moja.

Basi tukatayarisha nyumba. Binti yangu akaweka vyuma vya kushika bafuni. Kitanda tukakitoa chumbani tukakiweka sebuleni karibu na yale mabomba ya joto, maana chumbani chuma chake cha kutembelea hakigeuki. Kila kitu kikawa tayari. Nikabaki na zulia.

Zulia hilo ni kubwa, la sufu, rangi ya damu ya mzee, na maua pembeni. Mume wangu alilipata kwa watu waliokuwa wanahama jengo la pili, akalibeba begani mwenyewe kupanda ngazi, hataki kusaidiwa. Nilikuwa nimelisugua kwa sabuni ya unga na brashi mpaka magoti yakaniuma. Uji ulitoka. Harufu, nilisema, haikutoka.

"Mum, hakuna harufu," binti yangu akaniambia.

"Iko."

"Nimeinama nimenusa. Hakuna."

"Wewe umezoea kunusa wazee wa watu. Huyu ni baba yako. Hatarudi kukaa juu ya mkojo wake mwenyewe."

Mimi nikisema jambo kwa sauti ile watoto wangu hunyamaza, na siku hizi naona haikuwa faida. Akapiga simu kwa watu wa kufua mazulia, huko Hyattsville kwenye maghala. Wakaja wanaume wawili, wakalikunja, wakaondoka nalo.

Lilirudi baada ya siku kumi, ndani ya nailoni. Safi, siwezi kusema uongo. Maua yalikuwa yameamka, kuna ya kijani sikuwahi kujua ni ya kijani. Tulipolikunjua tukaona. Pande mbili ndefu zilikuwa zimejikunja kwa ndani, na pembe zote nne zimesimama kama masikio ya mbwa aliyesikia mtu langoni. Nikaikanyaga pembe moja. Ikalala. Nikainua mguu. Ikasimama.

Binti yangu akawapigia. Yule mtu akaeleza sana. Alisema nyuzi za chini ni za pamba, zikilowa zinarudi ndani, na sufu ya juu hairudi, kwa hiyo ukingo unavutwa. Alisema si kosa la mtu. Tulitandaze, tulipe muda, litatulia lenyewe.

"Muda gani?" nikauliza.

Akamuuliza. "Anasema muda kidogo tu, Mum."

"Mwambie muda kidogo sina. Nina mpaka Jumatano."

Kwa maana mkaguzi alikuwa anakuja Jumatano ile.

Nikaanza. Nililikunja kinyume, tumbo nje, nikalifunga kwa leso mbili nikaliacha siku nzima. Nilipolifungua lililala kama nusu saa. Nikachukua masanduku yetu mawili makubwa, yale tuliyokuwa tumeyapanga kwa safari ya nyumbani, nikayalaza kwenye pembe mbili. Pembe nyingine nikaweka mfuko wa unga na sufuria kubwa ya maji. Nikapiga pasi juu ya kitambaa kibichi, nyumba nzima ikanuka kondoo. Nikiondoa uzito, ukingo unangoja kidogo, kama mtoto anayejifanya amelala, halafu unainuka.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mkongomani. Ni mama mnene, mcheshi, tunaelewana ingawa Kiswahili chake kina kona zake. Aliingia akasimama akanitazama nikiwa nimeketi juu ya pembe ya zulia nachambua maharagwe.

"Mama, sasa uko wewe njo uzito?"

"Nimeishiwa na sufuria."

Akacheka. Akalizunguka zulia lote. "Hii tapi iko na kiburi sana. Iko sawa na bwana yangu wa kwanza."

"Huyo ulimfanyia nini akatulia?"

"Hakutuliaka. Nilimuacha kule Bukavu." Akainama akagusa ukingo. "Na hii pia uitupe tu, mama. Utachoka bure."

Nilichambua maharagwe.

Jumatano mkaguzi akaja. Ni mwanamke mrefu, Mwamerika mweusi, ndiye aliyekuwa anamfundisha mzee kutembea. Mimi humwita mama wa mazoezi. Kiswahili alikisomea chuoni, na alipofika mlangoni alivua viatu bila kuambiwa, akasema, "Shikamoo, bibi." Kwetu huko milimani hatusalimiani hivyo, lakini nilimwitikia marahaba, maana alikuwa amejifunza kwa bidii. Akakagua bafu, akatikisa vyuma, akafurahi. Akapima mlango kwa utepe. Akakitazama kitanda, akasema, "Vizuri sana." Halafu akasimama mbele ya zulia. Nilikuwa nimeondoa masanduku dakika ile ile aliyobisha hodi.

Pembe ikajiinua mbele ya macho yake. Wallahi, kama mtu ameiita, na mimi si Mwislamu.

Akaisukuma kwa kidole cha mguu. "Bibi, hili ni hatari. Mzee hainui mguu wa kushoto, anauburuta. Ataingia hapa chini na ataanguka. Akivunja nyonga, hatatembea tena."

"Litalala."

"Likilala kabisa, sawa. Lisipolala, liondolewe. Mimi nitarudi Jumatano ijayo. Baada ya hapo siku za bima zinakwisha Ijumaa. Umenielewa, bibi?"

"Nimekuelewa."

Alipotoka binti yangu akaanza. Alikuwa amekuja mbio kutoka kazini, hajala.

"Mum, tunaitoa leo."

"Na barua ya ofisi ya jengo?"

Barua ilikuwa kweli. Mkataba wa nyumba unasema sakafu ya mbao ifunikwe karibu yote, na mama wa chini yetu alikuwa amekwisha kulalamika kwamba watoto wanakimbia juu ya kichwa chake. Alikuwa anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Sasa fikiria chuma cha mzee juu ya mbao tupu, ko, ko, ko, mchana kutwa.

"Tutanunua nyingine nyembamba," akasema.

"Na hili?"

"Tutatupa, Mum. Ni kapeti tu."

"Baba yako alilibeba begani."

"Baba hataki kapeti. Baba anataka kuja nyumbani."

Alisema kweli, na nilijua ni kweli wakati ule ule anasema. Lakini nilikuwa nimelisugua, nimelifulisha, nimelikalia wiki nzima, na watu wote wameniambia nilitupe. Nikashupaa. Sina neno lingine la kuliita. Nikamwambia aende kazini, Jumatano atalikuta limelala.

Aliniachia gundi ya utepe, ile inayonata pande mbili. Nikaibandika kuzunguka ukingo wote. Asubuhi ilikuwa imebanduka, imejaa manyoya ya sufu kama ulimi wa mgonjwa.

Sasa niseme nilivyofanya.

Nyumba yetu kule nyumbani ilikuwa ya mbao, ukuta na sakafu. Sebuleni tulitandika kapeti ya plastiki, na ile plastiki ikipata baridi inajikunja pembeni vile vile. Dawa yake inajulikana na kila mtu. Unachukua kifuniko cha soda, unakigonga kikawa bapa, unapitisha msumari katikati, unaupigilia kwenye ukingo. Kifuniko kinashika, msumari hauchani. Mume wangu alikuwa anapigilia, mimi namshikia vifuniko. Kapeti ile ilikaa miaka, watoto wote walijifunza kutembea juu yake, na hakuna aliyejikwaa.

Jumanne, siku moja kabla ya mama wa mazoezi kurudi, nikashuka kwenye duka la Wasalvador ambako soda ziko za chupa za glasi. Nikamwomba mwenye duka vifuniko, kwa mikono, kwa ishara. Akaniachia nichague kwenye pipa. Alifikiri ni vya mchezo wa watoto. Nikapanda kwa jirani yangu.

"Una nyundo?"

"Niko nayo. Na misumari pia, bwana aliachaka. Lakini ni mirefu."

"Mirefu ndiyo mizuri."

"Mama, kwa ile nyumba ya watu?"

"Nipe nyundo."

Akanipa. Akasimama mlangoni, mikono kifuani, lakini hakunizuia. Mimi si mtu wa kuzuiliwa na jirani.

Nilianza upande wa dirishani. Mbao zile ni ngumu, za zamani, lakini mkono wangu bado una nguvu ya jembe. Nilipigilia misumari kumi na minne. Mama wa chini akaanza kugonga dari yake, mimi nagonga, yeye anagonga. Jirani yangu akasema, "Ee, mama, sasa iko ngoma." Nilicheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyocheka kwa roho safi katika nyumba ile.

Nilipomaliza, zulia lilikuwa limelala. Limelala kama meza. Nikatembea juu yake nikiburuta mguu wa kushoto, kwenda na kurudi, kama mzee. Hakuna kilichonishika. Nikaketi kitandani kwake nikalitazama, nikasikia furaha.

Halafu nikasikia sauti. Ssss, kama sufuria inayoanza kuchemka. Nikaenda jikoni, jiko limezimwa. Nikarudi. Upande wa mabomba ya joto, karibu na msumari wa tatu, sufu ilikuwa imegeuka nyeusi, na ule weusi ulikuwa unatembea. Nikaweka mkono. Maji ya moto.

Sikujua kwamba hapa bomba la joto linapita chini ya mbao. Kwetu chini ya mbao kuna udongo, na kuku.

Nilifanya jambo la kijinga zaidi, nikang'oa msumari. Maji yakaruka mpaka godoroni. Jirani yangu ndiye aliyekimbia kuita watu wa jengo. Mama wa chini alipanda mwenyewe, nywele zimelowa, akasimama kwenye korido akilia kwa lugha yake, na sikuweza hata kumwambia pole ikaeleweka. Wakaja mafundi wawili wa ofisi. Wakafunga maji. Wakaona vifuniko vya soda vimezunguka zulia lote, wakatazamana. Mmoja akakwangua kimoja kwa kucha, akaniuliza kitu. Sikujua Kiingereza chake, lakini swali nililijua. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Ni mimi."

Walikata zulia vipande vinne ili walitoe, maana lililowa likawa zito kama ng'ombe. Wakang'oa mbao kuanzia dirishani mpaka katikati ya chumba. Binti yangu alipofika alikuta kitanda cha baba yake kimesimamishwa ukutani, godoro linachuruzika bafuni, na shimo. Nilingoja anigombeze. Alivua viatu vyake, akakumbuka hakuna pa kuweka mguu, akavivaa tena.

"Mum," akasema. Basi, hilo tu. Akaingia chumbani kwa watoto akafunga mlango.

Kesho yake mama wa mazoezi akaja saa ile ile. Binti yangu alikuwa amempigia lakini alikuja. Safari hii hakuvua viatu wala koti. Alisimama ukingoni mwa shimo, akauliza ofisi imesema itachukua siku ngapi. Binti yangu akamwambia wiki tatu, labda nne, kwa sababu bomba lote la upande ule limeoza na sasa wamelifungua. Akauliza kama kuna nyumba nyingine mzee anaweza kwenda. Ndugu, watu wa kanisa. Binti yangu alikuwa amekwisha kuwapigia wote asubuhi. Kwa mmoja kuna ngazi, kwa mwingine wamelala sita chumba kimoja, wa tatu alisema ataomba kuhusu jambo hilo.

"Na bima haiwezi kungoja?" nikamuuliza mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Nimewaomba, bibi. Wamekataa."

"Niambie kweli. Akiingia upande wa pili, anatoka?"

Akafikiri. Nilimheshimu kwa kufikiri. "Wako wanaotoka," akasema. "Lakini asipofanya mazoezi kila siku miguu inasahau. Na kule hawana mtu wa kila siku."

Ijumaa wakamhamisha. Walimsukuma kwa kiti cha magurudumu kupita ile milango miwili, mimi nikifuata na chuma chake mkononi. Upande ule joto ni jingi na televisheni zote ziko wazi. Alipewa kitanda cha karibu na mlango. Cha dirishani kina mzee mwingine ambaye haongei.

Nilikuwa bado sijamwambia. Maneno yake yanatoka nusu, lakini mimi nayasikia yote. Akaniuliza kwa nini hapa. Nikamwambia yote, vifuniko, misumari, bomba. Alinisikiliza akitazama dari.

"Mingapi?"

"Kumi na minne."

Akafunga jicho zima. Lile lingine halifungi sawasawa. "Mama watoto. Ungeningoja nipigilie mimi."

"Ungewezaje?"

"Wewe unagonga kwa hasira. Siku zote."

Nikamwambia ni kweli. Akaniuliza basi lini, nikasema mbao zikirudi. Mbao zilirudi baada ya wiki saba. Kufikia wakati huo alikuwa hasimami. Wakimwinua, magoti yanafunguka kama ya mtoto mchanga, na wasichana wawili wanamrudisha kitini haraka. Mama wa mazoezi alikuja kumwona mara mbili kwa wema wake, saa ya chakula chake. Mara ya pili alimshika mguu, akaukunja, akaukunjua, akaurudisha juu ya blanketi, akasema ataleta barua ya kuwaomba tena. Aliileta. Jibu likawa lile lile.

Kati ya wasichana wa upande ule yuko mmoja wa kwetu, wa Nyandarua, ana mikono mizuri. Yeye huniita shosho, na mzee humwita guka, bibi na babu kwa lugha yetu. Siku moja alinisimamisha koridoni akanipa kalamu nene nyeusi.

"Shosho, andika jina la guka kwenye nguo zake zote. Zikienda kufuliwa zinachanganyika, utamkuta na suruali ya mtu."

"Nitakuwa nafua mwenyewe nyumbani. Ni za muda."

Akatazama chini. Ana umri wa wajukuu wangu. "Andika tu, shosho."

Sikuichukua kalamu, wino unatoka. Kesho yake nilikuja na sindano na uzi mwekundu, nikavuta kiti karibu na kitanda. Kazi hiyo naijua. Niliifanya kwa watoto wangu watano walipokwenda shule za bweni, sweta, soksi, mashuka, jina kwenye kola kwa ndani. Mume wangu alinitazama nikishona. Alijua ninachoshona, maana kusoma anasoma vizuri kunishinda.

Nilimaliza fulana nne. Zilizobaki nikazikunja nikazirudisha mfukoni mwangu, nikamwambia mwanga umenipotea, na ilikuwa saa nane mchana. Siku iliyofuata nilirudi nikashona zile zingine.